Mlango wa Harusi na Jeneza

Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili, na mmoja haukuwa na kitasa upande wa nje. Watu wa mjini wakija kununua matufaha walikuwa wakiupapasa na kuuliza umeharibika nini. Haukuwa umeharibika. Mlango ule hufunguliwa kutoka ndani tu, bibi harusi anapoingia na maiti anapotoka. Siku nyingine zote tulipita jikoni na viatu vyetu vya matope, kama binadamu wengine.

Mimi niliingia kwa huo. Nilitoka vijiji vya mchangani, mwendo mfupi tu kwa baiskeli, lakini watu wa mtoni waliniona kama nimetoka ng'ambo. Baba mkwe alivuta komeo, nikavuka kizingiti na viatu vyeupe, na mama mkwe akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Haya, tuone kama huyu wa mchangani ataweza kuishi na maji." Niliweza. Yeye mwenyewe alitoka kwa mlango huo huo, miguu ikitangulia, na mume wangu Tewes ndiye aliyevuta komeo, maana kwetu kumfungulia maiti ni kazi ya mrithi na hapewi mtu mwingine.

Kila majira ya machipuko Tewes alilipaka komeo lile mafuta ya mashine. Binti yetu wa pekee, Imke, alifikia umri wa kuolewa, akaupita bila dalili yoyote, na baba yake akaendelea kupaka.

"Baba, hayo mafuta ya nini?"

"Siku ukimleta mtu, asikute mlango umekwama akaghairi."

"Mtu wa kughairi kwa sababu ya mlango si aende zake tu."

"Aende. Lakini asipate kisingizio hapa kwangu."

Walikuwa hivyo, wale wawili. Mimi nilikuwa nao lakini sikuwa kati yao, na sikuona wivu, au niliona kidogo tu.

Shamba letu lilikuwa upande wa mtoni. Wenzetu wote walikuwa nyuma ya tuta kubwa la kuzuia mafuriko, sisi tulikuwa mbele yake, na kati yetu na mto Elbe kulikuwa na tuta dogo ambalo babu zake Tewes walilijenga kwa majembe. Nyumba ilikaa juu ya kilima kidogo cha udongo walioumwaga wao hao, na kuizunguka pande zote ilisimama mitufaha kwa safu, na mitaro ya maji katikati ya safu. Nje ya tuta dogo ulikuwa ukingo wa tope, ambao mto huufunika maji yakijaa na kuuacha wazi yakipwa. Kila kiangazi Tewes alishuka huko na fyekeo lake refu kukata matete, yasije yakaziba lango la kutolea maji ya mitaro.

Imke alikuwa bado anang'oka meno ya utoto alipouona mmea ule. Ulisimama katikati ya tope, una majani kama ya karoti na maua meupe madogo yaliyojikusanya kama mwavuli. Alimwambia baba yake asiukate. Sasa, Tewes ni mtu ambaye angeng'oa nyasi hata juu ya kaburi la mama yake, na aliwahi kugombana na mchungaji wa kanisa kwa sababu ya magugu ya uani. Lakini siku ile alisimamisha fyekeo, akamtazama mtoto, akauzunguka. Mwaka uliofuata kulikuwa na mimea zaidi, akaizunguka yote. Baadaye akaacha ukanda mzima usimame bila kuguswa, na jirani yetu Harm Köpke akapata la kusema maisha yake yote.

"Tewes, umezeeka au umeoa upya? Ukingo wako unafuga ndevu."

"Za Imke hizo," Tewes alikuwa akijibu. Basi. Hakuongeza neno.

Imke akakua, akaenda chuo, akarudi na jina la mmea ule kwa Kilatini. Akatueleza kwamba hauoti kwingine popote duniani ila kwenye tope la mto wetu, pale tu ambapo maji matamu hujaa na kupwa. Tewes aliendelea kula viazi vyake. Kisha akasema, "Basi nilifanya vizuri kutokuukata," na nilimwona jinsi alivyovimba kwa furaha, ingawa alijifanya anatafuta chumvi.

Halafu bandari ya mjini ikataka meli kubwa zaidi. Ilikuwa imetaka hivyo tangu enzi za bibi zetu, na kila mara mfereji wa meli katikati ya mto ulichimbwa zaidi, na kila mara tuliambiwa ni mara ya mwisho. Safari hii meli zenyewe zilikuwa ndefu kuliko kijiji chetu, zikipita dirishani vikombe vinacheza kabatini. Kabla ya kuchimba, sheria ilitaka ifanyike tathmini: maji yataathirika vipi, samaki, ndege, kingo, mimea. Ofisi ya mradi ikaajiri kampuni, na kampuni ilikuwa na wataalamu wa kila kitu. Wa mimea ya ukingoni alikuwa Imke wetu.

"Unawafanyia kazi wachimbaji," Harm alimwambia jikoni kwetu, akiwa ameshika kikombe chetu.

"Nafanya kazi ya kuhesabu, baba Harm. Nikihesabu mimi, hesabu itakuwa ya kweli."

"Akihesabu mwingine?"

"Ndiyo maana nataka nihesabu mimi."

Mwaka mzima alishinda topeni. Maji yakipwa alishuka na buti ndefu na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akapima mteremko wa ukingo, akachota tope kwenye makopo, akapima chumvi kwenye maji. Alirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Baba yake alimchemshia chai na kumvua buti, mtu mzima yule, akizivuta kwa mikono miwili huku Imke ameshikilia meza.

Mkutano wa kusomwa tathmini ulifanyika katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, na kijiji kizima kilikuja, hata wale wasioongea na wenzao. Bwana Dallwitz wa ofisi ya mradi alikaa mbele. Alikuwa mtu mpole mwenye koti la kijivu. Imke alisimama, na hakuzungumza kisomi.

"Mtaro wako ukiuchimba kina bila kuupanua, maji yanafanyaje?" aliuliza.

"Yanakimbia," wakulima wakasema.

"Na kingo?"

"Zinabomoka."

"Basi mto ni mtaro tu. Mfereji ukichimbwa zaidi, maji yatajaa kwa kasi na yatapanda juu zaidi kuliko leo. Chumvi ya bahari itasogea huku. Na kingo zitaliwa."

Neno chumvi ndilo lililowashtua watu. Majira ya machipuko, usiku wa baridi kali, sisi huinyunyizia mitufaha maji ya mto, ili maua yafunikwe na ganda la barafu linaloyakinga yasiungue kwa jalidi, ule umande wa kuganda. Ukiyanyunyizia maua maji ya chumvi umeyaua mwenyewe kwa mkono wako. Bwana Dallwitz alisema kwa upole kwamba ofisi itatujengea mabwawa ya maji matamu nyuma ya tuta. Hapo ndipo Imke alipoonyesha picha ya mmea. Akasema hauna pengine pa kwenda duniani. Akasema kundi kubwa kuliko yote mtoni liko kwenye ukingo mmoja ambako mmea huo haujafyekwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba mkondo mpya utaling'oa.

Watu waligeuka wakamtazama Tewes. Tewes alitazama kofia yake.

"Kumbe magugu ya Tewes yana cheo kuliko sisi wote," Harm alisema, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walimpiga Tewes mgongoni kama ndiye aliyeumba mmea. Bwana Dallwitz aliandika kitu, akasema, "Tutalizingatia hili kwa uzito unaostahili." Mtu anayelisema hilo bila kukunja uso ni wa kuogopwa, lakini nani angeogopa siku ile? Tewes aliwanunulia watu bia, jambo ambalo hata kwenye harusi yetu lilimuuma.

Njiani kurudi nyumbani, juu ya tuta, alinishika mkono. "Umemwona, mama?" alisema. Wanaume wa kwetu huwaita wake zao hivyo wakishapata mtoto. "Umemwona binti yangu? Ameusimamisha mto."

Sisi ni watu wa kanuni, na hapo ndipo tulipoponzwa. Kwetu mtu akikata mti kwa kibali, hutakiwa kupanda mwingine mahali pengine, na hesabu ikikaa sawa kila mtu hulala usingizi. Tulijua hivyo. Tulikuwa tumewakera watu wengi kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini hakuna hata mmoja katika ukumbi ule aliyekaa akafikiri kwamba kiumbe kisichoruhusiwa kupotea huenda kikatafutiwa nyumba mpya, na kwamba nyumba mpya inahitaji ardhi ya mtu.

Machipuko yaliyofuata, baridi ilituvamia maua yakiwa wazi. Tewes alikuwa amewasha pampu, na kulipopambazuka bustani nzima ilikuwa imevaa barafu, kila ua ndani ya kioo chake, na vinyunyizio bado vinazunguka tik tik tik. Nilikuwa nimemletea kahawa nilipoliona gari la Imke likishuka tutani. Hakuja na mizigo. Hakuja na koti la kutosha. Alikuja akasimama kati ya safu, maji yakimdondokea, na hakusogea.

"Utaganda, wewe," baba yake alisema. "Sogea huku. Na angalia hii miche mipya, nimefikiria nipande safu tatu hapa, ile aina uliyokuwa ukiipenda."

"Baba, usipande."

"Kwa nini nisipande?"

Nikamshika bega.

"Wamekubali tathmini yangu," alisema. "Yote. Kila mstari. Mfereji utachimbwa, lakini mmea lazima upewe mahali pengine kwanza, mahali ambapo maji yatajaa na kupwa taratibu, mkondo usifike. Walikuwa na sehemu mbili. Moja ni yale malisho ya serikali kule chini, ambayo hayana mtu."

"Na nyingine?"

Aliangalia tuta dogo.

"Nyingine, Imke."

"Watalifungua tuta, baba. Maji yataingia mpaka kwenye tuta kubwa."

Tewes aliweka kikombe chini, juu ya barafu, kwa uangalifu, kana kwamba kikombe ndicho kilichokuwa hatarini. "Kuna nyumba hapa," alisema.

"Najua."

"Kwa nini hapa? Kule hakuna mtu. Kwa nini wachague hapa?"

"Kwa sababu mmea umeshapachagua. Ulistawi hapa. Ndivyo nilivyoandika, kwamba tope la hapa linaupenda, na kwamba mbegu ziko tayari ardhini." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Ulistawi kwa sababu hukuukata, baba."

Vinyunyizio viliendelea kuzunguka. Nilisubiri Tewes apige kelele, na Mungu anisamehe, nilitamani apige. Hakupiga. Aliinama akafunga valvu ya pampu, akakumbuka kwamba jua halijapanda na barafu bado inahitaji maji, akaifungua tena.

"Kanywe chai," alimwambia. "Umelowa."

Baada ya hapo hakuzungumza naye. Haikuwa kununa, maana kununa kwake nilikujua. Alimjibu akiulizwa, alimsogezea mkate, lakini yale maneno yao ya mchezo yaliisha kabisa, na Imke akawa anakaa mezani kwetu kama mgeni aliyekuja kununua matufaha. Chama cha wakulima kilileta wakili. Wakili alitupigania kwa bidii, na kila alipofika alikuta jibu limeandikwa tayari, kwa takwimu nzuri, na takwimu zilikuwa za binti yetu. Bwana Dallwitz alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema anasikitika sana, na naamini alisikitika. Nilimpa keki ya matufaha. Alikula vipande viwili, na nikamchukia kwa kipande cha pili.

Kiangazi, Harm alikuja uani akajifanya anatafuta panga lake.

"Wataalamu wanakuja kukagua mara ya mwisho, wiki ijayo," alisema. "Nimesikia."

"Umesikia sawa," Tewes alisema.

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu, mtu ana haki ya kufyeka ukingo wake. Amefyeka maisha yake yote. Wakija wakakuta hakuna hata jani, watasema nini? Watasema mmea haupapendi hapa tena. Wataenda kwenye malisho yao."

"Una kazi nyumbani kwako, Harm?"

"Ninayo."

"Kaifanye."

Lakini kesho yake asubuhi nilisikia jiwe la kunolea. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni akinoa fyekeo, taratibu, upande huu na upande huu, na Imke, ambaye alikuwa amelala kwetu ili awapokee wakaguzi, alitoka akamwona. Alisimama juu yake akiwa pekupeku.

"Unaenda ukingoni," alisema.

"Maji yamepwa."

"Baba, nikuambie kitu. Ukiufyeka, mimi nitasema umekufa wenyewe. Nitaandika hivyo. Nitatia saini."

Tewes alisimamisha jiwe. "Wakijua?"

"Wakijua sitafanya tena kazi hii. Potelea mbali. Nitachuma matufaha."

Nilikuwa dirishani na sahani mkononi, na nakiri roho yangu ilisema, fyeka. Fyeka, mume wangu, fyeka kila kitu, kwani ni jani. Nilimwangalia akishuka kwenye tuta na fyekeo begani, na Imke nyuma yake, akikanyaga pale alipokanyaga baba yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Nikaweka sahani nikawafuata. Nilipofika juu ya tuta, Tewes alikuwa ameshafika kwenye tope. Mimea ilikuwa imechanua, mingi kuliko nilivyowahi kuiona, myeupe, imesimama mpaka kiunoni mwake. Alitanua miguu, akashika fyekeo kama linavyoshikwa, akalivuta nyuma. Akakaa vile.

Kisha akalishusha. Akafyeka matete yaliyokuwa pembeni, akaufikia mmea wa kwanza, akauzunguka. Akafyeka zaidi, akauzunguka wa pili. Alifanya hivyo ukingo mzima mpaka langoni, safi kabisa, kazi nzuri kuliko ya kijana, na hakugusa hata ua moja. Imke alikuwa amekaa kwenye tope amejifunika uso.

Tewes alipopita karibu nami kwenye tuta alikuwa akihema. "Mkono umezoea," aliniambia. "Umeshazoea kuuzunguka." Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake, nilimwona mume wangu akilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, fyekeo likiwa bado mkononi, na mimi sikujua nimshike vipi kwa sababu ya yale makali.

Wakaguzi walikuja, wakahesabu, wakafurahi.

Tulichuma mavuno ya mwisho miezi ya Septemba na Oktoba. Ulikuwa mwaka mzuri, bahati mbaya. Wachumaji waliimba wiki ya kwanza, halafu wakaacha. Baada ya mavuno mashine zikaja kung'oa mitufaha safu kwa safu, na Tewes alifunga madirisha ya upande huo. Tulipewa nyumba ya ghorofani mjini, ina joto, ina lifti, na roshani ya kutosha chungu kimoja cha maua. Watu walituambia tuna bahati, kwa umri wetu.

Siku ya kuhama, Imke alikuja na gari kubwa. Vitu vyote vilitoka kwa mlango wa jikoni: vitanda, kabati, saa ya ukutani, mpaka nyumba ikabaki inatoa mwangwi. Nilikuwa nafuta dirisha, maana meza ya kufuta haikuwepo tena, nilipomwona Tewes anashuka ngazi. Alikuwa ameoga na kunyoa. Alikuwa amevaa suti nyeusi, ile aliyokuwa ameitenga kwenye mfuko wa nailoni, na ambayo sote tulijua ameitenga kwa siku gani.

Alikwenda akasimama mbele ya mlango usio na kitasa nje.

"Imke," aliita.

Imke alikuja na sanduku la vikombe. Alimwona, akaliweka chini.

"Vuta komeo."

"Baba, huo mlango..."

"Najua ni mlango gani. Nimezaliwa humu."

"Wewe u hai, baba."

"Mjini nikifa watanishusha kwa lifti," alisema. "Wamenisimamisha wima au wamenilaza, sijui, sijaipima. Nataka kutoka hapa kama watu wangu walivyotoka. Mrithi ndiye anavuta. Na mrithi ni wewe, sina mwingine."

"Siwezi."

"Utaweza. Umeweza makubwa kuliko haya."

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hapakuwa na hasira hata tone katika sauti yake, na kwamba yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia mtoto wake tangu asubuhi ile ya barafu. Imke alinitazama. Alitaka nimwokoe. Ningemwokoa vipi, mimi niliyekuja? Desturi ile ilikuwa yao.

Alisogea akashika komeo kwa mikono miwili, akijiandaa kuvuta kwa nguvu, kama mtu anayejua kwamba mlango haujafunguliwa tangu bibi yake atolewe. Lakini komeo liliteleza lenyewe, laini, bila kelele, kwa yale mafuta ya kila machipuko. Imke alibaki amelishika. Nikaona jinsi alivyoelewa, akainama.

Tewes aliusukuma mlango. Mwanga wa nje uliingia, na upepo wa mtoni, na kule ambako zamani tulikuwa tukiona mitufaha kulikuwa na mashimo yaliyojaa maji. Alivua kofia. Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Imke, pale alipokuwa ameinama, akauacha hapo kidogo.

"Ungekuwa mlango mzuri wa harusi," alisema, akavuka kizingiti, akatembea kuelekea kwenye gari bila kugeuka.

Imke aliufunga. Lazima ufungwe kutoka ndani. Tulisimama sote wawili kwenye giza la chumba kitupu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimkumbatia bila yeye kunitania.

"Na wewe, mama?" aliniuliza. "Wewe hutoki kwa huu?"

"Mimi bado ni mzima," nilisema. Nikachukua sanduku la vikombe, tukatoka kwa jikoni.